"Primigeste" na "primigravida": ni kitu kimoja ama kuna kitu nafichwa?

Furaha_Kadutu

Jambo wote. Natafuta mtu anayejua Kilatini, ama munganga, ama mama mkunga, anitolee mashaka maana usiku silali vizuri.

Niko na miaka 24, mimba ya miezi mitano na kidogo, ya kwanza. Naishi Kadutu, hapa Bukavu, upande wa juu ya soko, na CPN, ile kliniki ya wajawazito, nafanyia kwenye kituo cha afya cha karibu. Siku ile ya kwanza dada wa CPN alinipandisha kwenye kilo, akanipima urefu, akanifunga kitambaa cha presha, halafu akaandika kwenye fishi yangu kwa bic nyekundu: "Primigeste, G1P0A0." Sikuuliza. Nyuma yangu kwenye benchi kulikuwa na bamama wengi, na yule dada alikuwa anaita majina kwa sauti ya mtu ambaye bado hajakunywa chai.

Wiki iliyopita nikavuka mto Ruzizi kwenda Kamembe, upande wa Rwanda, kwa dada yangu mkubwa aliyeolewa kule, akanilipia ekografi. Mtoto mzima, moyo unapiga. Alikuwa ameweka mkono juu ya uso kama mtu anayekataa kupigwa picha, tukacheka mpaka munganga naye akacheka. Wakanipa karatasi. Kule siku hizi wanaandika Kiingereza, na mimi Kiingereza naishia kwenye salamu. Mstari wa kwanza kabisa: "Primigravida."

Karatasi niliisoma nikiwa kwenye foleni ya mpaka. Sasa sisi tuliosoma Kifaransa, jicho linaona nini pale? Linaona grave. Mtu akiitwa "cas grave" hospitali, familia inaanza kupigiana simu. Nikajiambia: wameona kitu, wakaogopa kunieleza mbele ya dada yangu, wakakificha ndani ya lugha nisiyoijua. Daraja nililivuka nikishika chuma cha pembeni.

Kosa la pili nilifanya nyumbani: nikamwonyesha mama mkwe. Yeye shule aliachia kwenye darasa la sita, lakini kusoma anasoma. Akaweka kidole pale kwenye "grav", akanitazama, akasema: "Hii mimi nilijua." Tangu jioni ile sinyanyui hata bidoni ya maji. Sombe inaletwa bila pilipili. Jirani wawili wamekuja kuniombea. Bwana yangu yuko Kamituga kwenye kazi, bado sijamwambia, juu sitaki kumwambia jambo ambalo mimi mwenyewe sijui ni nini.

Kwa hiyo naomba: primigeste na primigravida ni kitu kimoja? Hiyo "grav" ni ndugu ya grave kweli ama macho yangu tu? Na "geste" inaingiaje kwenye mimba? Geste mimi naijua ni kupunga mkono.

Baba_Mapacha

Dada Furaha, "primi" usiogope, hiyo sisi wanaume wa Bukavu tunaijua tangu zamani. Iko juu ya chupa ya bia. Primus! Maana yake ya kwanza. Sehemu ile nyingine waachie wenye masomo.

Mkunga_Bagira

Furaha mwanangu, kabla ya mambo yote: ni kitu kimoja. Primigeste ni Kifaransa, primigravida ndilo wanalotumia wenye Kiingereza. Yote mawili yanasema huyu mama ni mara yake ya kwanza kubeba mimba. Basi. Si ugonjwa, si onyo, si siri. Hata ungekuwa na afya ya simba tungekuandika hivyo hivyo, kwa sababu kwenye fishi hilo ni swali la mwanzo mwanzo tu, kama umri na anwani.

Nimekaa kwenye chumba cha uzazi miaka 22, na kila mwaka napata mmoja aliyelia kwa sababu ya neno lililoandikwa kwenye karatasi yake. Kosa ni letu. Tunaandika haraka, hatuelezi.

Hebu nikusomee ile G1P0A0. G ni gestité, mimba ulizobeba zote pamoja na hii ya sasa: moja. P ni parité, uzazi: bado, kwa hiyo sifuri. A ni mimba zilizotoka kabla ya wakati wake: sifuri. Hiyo A kwa Kifaransa tunaisoma avortement, na wanawake wengi inawachoma roho, wanadhani tumewaandika kwamba wameitoa kwa mkono. Hapana. Ndani ya herufi hiyo tunahesabu zote, hata ile iliyotoka yenyewe usiku bila mtu kuigusa.

Sasa kwa nini tunataka kujua kama ni ya kwanza? Si kwa ajili ya karatasi. Mwenye mimba ya kwanza tunamchunga zaidi kwenye mambo fulani. Presha ile inayokuja na mimba, inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, huwapata zaidi wao. Ndiyo maana kitambaa cha presha unafungwa kila ukija, na mkojo unapimwa. Kichwa kikikuuma sana kisiachie, ukaona vimulimuli, uso na mikono vikavimba, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia: usingoje siku ya CPN, njoo hata saa nane za usiku. Halafu malaria. Mimba ya kwanza, malaria huingia mpaka kwenye kondo la nyuma, na mwili wa mama bado haujajifunza kupigana nayo pale. Mimba zinazofuata mwili unakuwa umejua kidogo. Kwa hiyo ulale ndani ya mustikere, yaani chandarua, na zile tembe tatu za SP, dawa ya kukinga malaria, unazomeza mbele yetu usizifiche shavuni ukazitema nje, tunawajua. Zinaanza baada ya mwezi wa tatu, na kati ya dozi moja na nyingine mwezi mmoja upite, dozi zisipungue tatu mpaka uzae.

Na uchungu wa kwanza huwa mrefu. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha 2018 kinasema, njia ikishafunguka sentimita 5, mwenye mtoto wa kwanza anaweza kwenda kwa muda wa mpaka saa 12, waliokwisha kuzaa muda wa mpaka saa 10. Nakuambia mapema ili mama mkwe asianze kukutafutia dawa za miti ikifika saa ya sita.

Bidoni ya lita 20 kweli muachie mwingine. Lakini kutembea, kupika, kufagia, fanya. Na pilipili kama tumbo lako inaipenda, kula.

Mwl_Mstaafu

Mama Mkunga amekwisha kukutoa kwenye hofu, sasa niruhusu nikutoe kwenye mashaka. Nilifundisha Kilatini kwenye sehemu ya Latin-Philo hapa Bukavu kwa miaka 31, na tangu nistaafu hakuna aliyeniuliza swali la Kilatini isipokuwa paroko, naye alikuwa anatafuta tu kosa kwenye bango.

Jicho lako, Furaha, halikukudanganya. "Grav" ya primigravida na "grave" ya Kifaransa ni mama mmoja baba mmoja. Ila aliyezaliwa kwanza si ugonjwa. Aliyezaliwa kwanza ni mzigo.

Kwa Kilatini, gravis ni kitu kizito. Gunia la sementi ni gravis. Kutoka hapo neno likaenda njia tatu. Njia ya kwanza: mtu mwenye heshima, asiyeropoka, Warumi walisema ana gravitas. Njia ya pili: jambo linalolemea, ugonjwa unaomlaza mtu, na hiyo ndiyo njia Kifaransa ilikopita na kukuachia wewe hofu kwenye foleni ya Ruzizi. Njia ya tatu: gravidus, na kwa mwanamke gravida, aliyejaa mpaka akawa mzito. Warumi walilitumia kwa mwanamke, kwa mnyama, na hata kwa suke la ngano lililoinama kwa kujaa punje.

Sasa simama hapo, uangalie Kiswahili chako mwenyewe. Mtu wa heshima tunamwitaje? Mtu mzito. Habari ya kutisha? Habari nzito. Na mwanamke mwenye mimba? Mjamzito! Mja ni mtu, kiumbe, kama tunaposema waja wa Mungu. Mja mzito ni kiumbe aliyekuwa mzito. Njia zile zile tatu. Hakuna Mrumi aliyefika pwani kumfundisha Mswahili, wala Mswahili hakwenda Roma. Kila mmoja alimtazama mwanamke akipanda mlima na tumbo la miezi minane, akasema alichokiona. Nilikuwa nikifika hapa darasani, kalamu zinaanguka.

Kwa hiyo primigravida, ukiitafsiri sehemu kwa sehemu, ni "mzito wa mara ya kwanza". Yule munganga wa Kamembe aliandika mjamzito, hakuandika zaidi.

Kwa wale wanaopenda kufuata mizizi mbali: gravis ina ndugu huko India, guru, ambalo katika Kisanskriti lilikuwa "mzito" kabla ya kuwa mwalimu. Na Newton, alipochapisha kitabu chake kwa Kilatini mwaka 1687, nguvu inayovuta vitu chini aliiita gravitas, uzito. Nguvu hiyo ndiyo inayoyashusha maji ya Ruzizi kutoka ziwa Kivu mpaka Tanganyika, na kabla hayajafika huko inatuwashia taa, siku zinazowaka.

Tuje kwa "geste". Kilatini kina kitenzi gerere, kubeba, na pia kuendesha jambo: gero, gerere, gessi, gestum. Kutoka humo kikazaa gestare, kubeba ukiendelea kubeba, bila kutua. Gestus ni namna mtu anavyoubeba mwili wake, ndiyo maana mkono unaopunga ni geste. Gestion anayosoma kila kijana wa Bukavu aliyekosa kazi ni hiyo hiyo, kubeba mambo ya nyumba au ya kampuni. Na gestation ni kubeba mimba. Primigeste basi ni "aliyebeba mara ya kwanza". Tena angalia nyumbani: sisi tunasema kubeba mimba, na wenzetu wa pwani husema kuchukua mimba. Waingereza walishika picha ya uzito, Wafaransa wakashika picha ya kubeba, Mswahili akaziweka zote mbili mfukoni.

Usidhani Cicero alilijua neno primigravida. Waganga wa Ulaya wa karne za karibuni ndio waliolishona kwa vipande vya kale, primus na gravida, kama fundi anayeshona shati jipya kwa kitambaa cha koti la babu.

Imebaki ile P. Parere ni kuzaa: pario, parere, peperi, partum. Kwa ajili ya hiyo "peperi" wanafunzi waliniita Mwalimu Peperi mpaka siku niliyostaafu, na wengine wao leo ni mawakili wenye mvi, bado wananiita hivyo kule Nyawera mbele ya watu. Kutoka parere kumetoka primipara, aliyezaa mara ya kwanza, ambaye Wafaransa humwita primipare. Usichanganye: wewe Furaha ni primigeste leo, lakini primipare utakuwa siku mtoto atakapolia. Nullipara ni ambaye hajazaa bado, multipara aliyezaa mara nyingi. Na parens, anayezaa, ndiye Kifaransa kilimfanya parent. Sisi tumefanya vile vile: zaa, mzazi. Wanyarwanda vile vile: kubyara, umubyeyi.

Nina neno moja la ziada, ingawa hukuliuliza. Enceinte, ndivyo Wafaransa humwita mjamzito. Askofu Isidoro wa Sevilla, karne ya 7, alieleza kwamba asili yake ni incincta, mwanamke asiyefungwa mkanda, kwa sababu tumbo halikubali kufungwa kwa nguvu. Wataalamu wa leo wanabishana naye. Mimi nikiwaona bamama wa Kadutu wanavyolegeza fundo la kikwembe kuanzia mwezi wa nne, namwelewa askofu.

Baba_Mapacha

Mwalimu Peperi!! Mimi nilikuwa darasa lako, niliangushwa na hiyo peperi.

Swali la kweli sasa. Mke wangu uzazi wake wa kwanza alileta mapacha. Kwenye fishi ya mimba iliyofuata waliandika G2P1. Mimi nikawaambia hapana, andikeni P2, watoto ni wawili, nawalisha wawili, minerval, ada ya shule, nalipa mbili. Wakanicheka. Nani alikuwa na haki?

Mkunga_Bagira

Wao. P tunahesabu mara za kuzaa, hatuhesabu vichwa. Mapacha ni uzazi mmoja. Vichwa tunaviandika pembeni, kwenye watoto walio hai, na hapo waliandika 2 bila shaka, uende uangalie. Na P inahesabu hata mtoto aliyezaliwa amekufa, kama mimba ilikuwa imekwisha kuvuka kiwango cha mtoto kuweza kuishi nje. Huko kiwango kinatofautiana kwa nchi: Marekani huanzia wiki 20, Uingereza 24, penye vifaa vichache wengi tunashika 28. Chini ya hapo inakwenda kwenye A.

Minerval lipa zote mbili.

Mgeni_Goma

Samahani, naandika bila jina langu. Mimi niko Goma. Nimesoma hii yote ya G na P na tumbo likanishika.

Miaka miwili iliyopita, kabla sijaolewa, nilikuwa na mimba ikatoka yenyewe, miezi mitatu hivi. Nyumbani anajua mama yangu tu. Sasa nimeolewa, niko na mimba, na siku ya CPN mama mkwe alinisindikiza, akakaa nami mpaka ndani, kiti chake kikigusa changu. Dada akauliza: mimba ya ngapi? Ningejibu nini? Nilisema ya kwanza. Kwenye fishi iko G1P0A0 kama ya Furaha. Lakini yangu ni ya uongo. Naogopa kurudi kusema na naogopa kunyamaza. Kweli inaleta shida gani wakiacha vile?

Mkunga_Bagira

Mgeni, umefanya vizuri kuandika. Hukufanya dhambi, ulibanwa. Swali lile halikupaswa kuulizwa mbele ya mtu mwingine, na mimi mwenyewe nimeliuliza hivyo mara nyingi kwenye siku zenye watu wengi, najua.

Kwa hesabu ya kweli wewe ni G2P0A1. Je, inabadilisha kitu? Mara nyingi kidogo tu. Lakini kuna jambo moja ambalo linaweza kuwa kubwa: damu. Kama kundi lako ni Rhesus hasi, na ile mimba iliyotoka ilikuwa ya mtoto mwenye Rhesus chanya, mwili wako unaweza kuwa umekwisha kutengeneza askari dhidi ya damu ya namna hiyo, na askari hao wakamshambulia mtoto wa sasa. Mwenye G1 hatumtilii sana mashaka hayo. Mwenye G2 tunampima na kumfuata kwa njia nyingine, na kuna sindano ya kinga inayotolewa kwa wakati wake kama askari bado hawajaanza. Kwa hiyo kwanza jua kundi lako la damu. Kama ni chanya, pumua. Kama ni hasi, usichelewe hata wiki.

Namna ya kusema: rudi siku isiyo ya CPN, peke yako, useme umekuja kwa ajili ya mkojo kuchoma, ama sababu yoyote. Ukishakuwa ndani na mlango umefungwa, sema: "Kwenye fishi yangu kuna hesabu ya kurekebisha, na nyumbani hawajui." Mkunga aliyesoma kazi yake ataelewa kwa sentensi hiyo moja. Mwombe hesabu ya kweli aiweke kwenye daftari la kituo, na kwenye fishi unayorudi nayo nyumbani mkubaliane afanye nini. Mama mkwe hana haki ya kuambiwa. Bwana pia, kama wewe hujataka.

Na ukisindikizwa tena, unaweza kumnong'oneza anayekupima kilo akuite peke yako. Mimi nikinong'onezwa hivyo huwa natoka na kusema kwa sauti: "Bamama wote wanaosindikiza, nje, chumba ni kidogo." Chumba ni kidogo kweli, hakuna anayebisha.

Mwl_Mstaafu

Kwa dada wa Goma, kutoka upande wangu ni neno tu. Vitabu vinamwita mwenye mimba ya pili secundigravida. Secundus kwa Kilatini hakikuwa kwanza "namba mbili". Kinatoka kwenye sequi, kufuata. Ni "anayefuata". Upepo unaokuja nyuma ya mashua na kuisukuma, nao Warumi waliuita secundus.

Mgeni_Goma

Aksanti mama. Aksanti mwalimu. Damu ni O chanya, nimeiangalia sasa hivi nyuma ya kitambulisho cha shule. Nitakwenda Jumatano peke yangu hata hivyo.

Furaha_Kadutu

Nimerudi. Jana jioni nilimsomea mama mkwe yote, polepole, yeye akiwa anachambua maharagwe. Kwenye gunia la sementi akacheka. Kwenye mjamzito akanyamaza, akaacha maharagwe, akasema: "Kumbe hata Wazungu wa zamani mimba iliwalemea." Halafu akauliza kama yule askofu wa kikwembe alikuwa na mke. Nikamwambia sijui, ni askofu.

Jirani wa maombi amewaambia wasirudi, ila wamerudi, juu walikuwa wamepikiwa. Bidoni bado sibebi, hapo amekataa kabisa, anasema mama mkunga naye ameandika vile vile. Pilipili imerudi.

Bwana yangu nimempigia. Nilipomwambia "mimi ni primigravida" alikaa kimya sana upande ule, nikasikia mashine za Kamituga nyuma yake. Akauliza: "Ni dola ngapi?" Nimecheka mpaka mtoto akageuka. Ndiyo, nimeanza kumsikia, kama samaki anayegonga beseni kutoka ndani.

Mwalimu, la mwisho. Hivi kwa Kiswahili kuna neno moja la mtu kama mimi? Mama mkwe anasema "mjamzito wa kwanza", lakini masikioni kwangu hiyo ni kama mimi ndiye mwanamke wa kwanza duniani kupata mimba, baada ya Eva. Na pia anataka kujua: kama primigravida ni mimi, yeye kwa Kilatini anaitwa nani?

Mwl_Mstaafu

Sikio lako ni zuri. "Mjamzito wa kwanza" ni wa kwanza kwenye foleni. Sema "mwenye mimba ya kwanza", ni maneno manne lakini hayana deni. Kiswahili hakikumpa jina la neno moja mama, kilimpa mtoto: kifungua mimba. Huyo anayekugonga kama samaki ndiye mwenye cheo.

Mama mkwe ni socrus. Na hapo mwambie Kilatini kimemheshimu: maneno mengi yanayoishia kwa -us ni ya kiume, lakini socrus ni la kike na halijali. Liko kwenye kundi dogo la maneno ya kike yanayovunja kanuni hiyo, tuliyokariri kwa fimbo: manus, mkono, domus, nyumba, socrus, mama mkwe.

Baba_Mapacha

Mkono, nyumba na mama mkwe kwenye kundi moja. Hao Warumi walioa hapa Kadutu.

Furaha_Kadutu

Nimemwambia. Amesema atalikariri: sokurusi. Ameuliza kama mkwe naye, mke wa mtoto, yumo kwenye hilo kundi ama amebaki nje.

Mwl_Mstaafu

Yumo. Nurus. Wanakaa ukurasa mmoja, mistari miwili imewatenganisha.